Jina la Mezani: Karata, Turufu na Kuaminiwa, kutoka Pwani hadi Ruharo

Huenda baadhi ya wasomaji wa jarida letu wakashangaa kuona kwamba safari hii tumeamua kuandika juu ya karata. Karata, watasema, ni mchezo wa wasio na kazi, nao umewapotezea vijana wengi wakati na fedha zao. Hatukatai. Lakini mwalimu wa lugha hana ruhusa ya kuchagua maneno kwa sababu ya tabia zao njema tu. Neno lililokaa vinywani mwa watu kwa karne nyingi lina historia yake, na historia hiyo ni mali yetu sote, hata kama neno lenyewe lilizaliwa mahali pa kamari.

Jambo hili lilianzia Ruharo. Ruharo ni kilima kilicho kando ya mji wa Mbarara, katika nchi ya Ankole, kusini magharibi ya Uganda. Hapo ndipo lilipo kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo la Dayosisi ya Ankole, na hospitali ya misheni ambayo sifa zake za kutibu macho zimeenea mbali. Tulikuwa na darasa dogo la Kiswahili la watu wazima. Baadhi yao walikuwa wenyeji wa Mbarara, na wengine walitoka katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Jioni moja kijana mmoja, aliyekuwa amesoma kitabu cha Kiingereza juu ya mchezo wa poka, alituuliza swali: ile picha ambayo mchezaji huijenga polepole katika fikira za wenzake, hata wakamwona kuwa mtu wa namna fulani, Kiswahili huiitaje?

Tulijaribu kumjibu upesi, kama ilivyo desturi ya walimu wasiopenda kukiri kwamba wamekwama. Tulisema, "taswira ya meza." Darasa likacheka, maana ilionekana kana kwamba ni meza iliyopigwa picha. Ndipo mzee mmoja aliyetoka Kongo, ambaye kwa kawaida husema machache, akainua mkono. "Mwalimu," alisema, "si mnasema huyu mtu ana jina? Basi, huyu ana jina mezani." Darasa likanyamaza. Tukaandika ubaoni: jina la mezani. Makala haya ni matokeo ya jioni ile.

Meza na karata zilivyotufikia

Tuanze na maneno yenyewe. Meza ni neno la Kireno, mesa. Karata nalo ni la Kireno, carta. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1593, wakanyang'anywa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696, wakairudia kwa muda mfupi mwaka 1728, na mwaka uliofuata wakaondolewa kabisa. Utawala wao ulikuwa mkali, tena haukupendwa. Hata hivyo waliacha maneno: bendera, gereza, leso, mvinyo, kasha, parafujo, meza, na karata pamoja na familia yake nzima.

Familia hiyo yastahili kutazamwa kwa makini. Kopa imetoka katika copas, maana yake vikombe. Shupaza imetoka katika espadas, yaani panga. Uru ni ouros, dhahabu. Pao, ambayo wengine huiita maua, ni paus, magongo. Sasa mwalimu achukue karata za dukani na kuwaonyesha wanafunzi. Karata ya kopa imechorwa moyo, wala si kikombe. Ya uru imechorwa umbo la pembe nne, wala haina dhahabu. Sababu ni kwamba karata za kale za Wareno zilichorwa vikombe, panga, dhahabu na magongo. Baadaye michoro ya Kifaransa ikaenea duniani, lakini majina yakabaki yale yale, huko Ureno na huku kwetu. Picha zilikufa, maneno yakaishi.

Kuna ajabu nyingine iliyo kubwa zaidi. Karata zenye sura za watu huitwa wazungu: mzungu wa pili ni malkia, mzungu wa tatu ni yule kijana, na mzungu wa nne ni mfalme. Mwanafunzi aliuliza: kwa nini malkia awe wa pili na kijana awe wa tatu? Katika michezo ya Kiingereza malkia humshinda kijana. Jibu limo katika hesabu. Ipo michezo ya Kireno, kama vile bisca na sueca, ambamo malkia huhesabiwa alama 2, kijana alama 3 na mfalme alama 4. Ree, karata ya moja, huhesabiwa 11, nayo saba huhesabiwa 10. Ndiyo maana saba ikapewa jina lake mwenyewe, seti, kutoka sete ya Kireno, ambapo nne, tano na sita hazikupata heshima hiyo. Jumla ya alama za aina moja ni 30, za aina zote nne ni 120, na mwenye kufikisha 61 ndiye mshindi. Mchezo wa namna hii, ambao wengine huuita albastini, ungali ukichezwa katika Tanzania. Basi tunapotamka "mzungu wa nne" tunatamka alama zake bila kujua.

Na lipo neno turufu, kutoka trunfo, yaani aina ya karata iliyopewa nguvu ya kuzishinda nyingine zote. Neno hili lilitoka mkekani zamani likaingia katika siasa. Magazeti husema kwamba mtu fulani "ana karata ya turufu," na msomaji ambaye hajapata kushika karata maishani mwake huelewa mara moja.

Turufu na poka

Katika michezo ya turufu watu wanne hukaa wawili wawili, kila mtu akikabiliana na mwenzake wa upande mmoja. Karata huonekana moja baada ya nyingine, na mwisho wa mchezo zote zimekwisha kufunuliwa. Hapo jina la mchezaji hutokana na kumbukumbu na utiifu wake: je, anakumbuka turufu ngapi zimekwisha kutoka? Je, humsaliti mwenzake kwa tamaa ya kula peke yake? Uongo hauna nafasi kubwa, kwa kuwa kila karata lazima ifunuliwe.

Poka ni mchezo wa namna nyingine. Ulikua katika Marekani mwanzoni mwa karne ya 19, katika sehemu za New Orleans, ukapanda mto Mississippi pamoja na merikebu za moshi. Kwanza ulichezwa kwa karata 20, kisha kwa 52. Kiini chake ni hiki: kila mchezaji huficha karata zake na kuweka dau, na wenzake wakijitoa wote, yeye hulichukua fungu bila kulazimika kuonyesha alichonacho. Kwa hiyo mtu aweza kushinda kwa karata mbovu, mradi wenzake wamsadiki. Kuaminiwa kumekuwa turufu.

Mtaalamu wa hesabu John von Neumann, mzaliwa wa Budapest, aliona kwamba jambo hili lastahili kuchunguzwa kwa uzito. Aliandika juu ya nadharia ya michezo mwaka 1928, na mwaka 1944 yeye na Oskar Morgenstern wakatoa kitabu kikubwa ambacho kina sehemu nzima juu ya poka. Humo wanaeleza kwamba mchezaji hutoa kitisho cha uongo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuonekana mwenye nguvu wakati ni dhaifu. Ya pili ni kuwafanya watu wamdhanie dhaifu wakati ana nguvu. Sababu hii ya pili husahauliwa, nayo ndiyo ya ndani zaidi: mtu ambaye hajapata kutisha bure hata mara moja, siku akipata karata nzuri na kuweka dau kubwa, wote watajitoa, naye hatapata chochote cha maana.

Tulilifanyia jambo hili hesabu darasani kwa kutumia maharagwe. Katikati ya meza pana maharagwe 100. Mchezaji mwenye karata mbovu anaweka dau la 50. Akisadikiwa anapata 100. Akigunduliwa anapoteza 50. Faida ya mara moja inalipa hasara ya mara mbili. Basi akisadikiwa zaidi ya mara moja katika kila mara tatu, kitisho chake kina faida. Sasa tumtazame mpinzani. Yeye akilipa 50 ili aone, anawania 150, yaani zile 100 za mwanzo pamoja na dau la 50. Kwake, faida ya mara moja inalipa hasara ya mara tatu. Kwa hiyo yampasa kulipa ikiwa mwenzake hudanganya zaidi ya mara moja katika kila mara nne, na yampasa kujitoa ikiwa hudanganya chini ya hapo.

Wanafunzi walipoiona hesabu hiyo ubaoni walielewa kwamba jina la mezani si upepo. Lina kipimo. Mtu ambaye wenzake wanaamini kwamba hudanganya mara moja katika kumi anaweza kuwaondoa mezani kwa neno moja. Yule ambaye wanaamini hudanganya mara moja katika mbili hataweza kumwondoa mtu yeyote, hata akiweka dau mara mia.

Jinsi jina linavyojengwa

Je, jina hilo hujengwaje? Tumekusanya hapa mambo manne ambayo wachezaji wenyewe, wa poka na wa mkekani, hukubaliana nayo.

Kwanza ni subira. Mchezaji mwenye jina jema hujitoa mara nyingi kuliko anavyoshiriki. Anapoingia, wenzake huinua macho. Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na pia kwamba simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

Pili ni mwenendo usiobadilika. Akiwa na karata njema au mbovu, huweka dau lake kwa mkono ule ule, kwa mwendo ule ule, bila kusema sana. Anayecheka akiwa na turufu na kununa akiwa hana, huyo amekwisha kuzifunua karata zake.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni yale yanayoonekana karata zinapofunuliwa. Watu hawajengi jina la mtu kwa maneno yake bali kwa karata walizoziona kwa macho yao. Kila mara alipoweka dau, akafunua na kuonekana kuwa na karata za kweli, jiwe moja limeongezwa katika ukuta. Akifunua uongo mmoja, mawe mengi huanguka kwa pamoja.

Nne ni kujua wenzake wanaona nini. Jina halimo ndani ya mtu. Limo katika fikira za watu wengine. Mtu aweza kuwa mkweli, lakini kama waliokaa mezani ni wageni ambao hawajapata kumwona, hana jina lolote mbele yao. Asiyekujua hakuthamini.

Nguvu ya jina yaonekana katika kisa kimoja. Mwaka 1970, mashindano makubwa ya poka yalipoanzishwa Las Vegas, bingwa wa kwanza hakupatikana kwa kumaliza fedha za wenzake, kama ilivyofanywa baadaye. Wachezaji wenyewe walipiga kura, wakamchagua Johnny Moss. Yaani ubingwa ule wa kwanza ulitolewa kwa jina.

Katika Uganda vijana hawachezi poka sana. Wanacheza matatu: kila mmoja hupewa karata saba, mbili humlazimisha anayefuata kuokota karata, moja hubadilisha aina, na saba ya aina iliyoteuliwa hukata mchezo, kisha karata zilizobaki mikononi huhesabiwa. Hata hapo jina lipo. Mchezaji anayejulikana kwamba hukata mapema huwatia wenzake haraka ya kuzitupa karata zao nzito, hata siku ambayo hana saba mkononi.

Mbarara, 1972 hadi 1979

Yaliyo kweli mezani huwa kweli pia katika mambo ya nchi, na Mbarara uliyaona kwa macho yake. Mwezi wa Septemba mwaka 1972, wapiganaji waliomuunga mkono Milton Obote, waliokuwa uhamishoni Tanzania, walivuka mpaka na kuishambulia kambi ya Simba katika mji huo. Walitumaini kwamba wakionekana tu, askari na wananchi wangeinuka pamoja nao. Hakuna aliyeinuka. Waliweka dau kubwa kwa karata chache, wakalipiwa papo hapo, na baada yao watu wengi wasio na hatia walikamatwa na kuuawa.

Idi Amin alikuwa mchezaji wa kelele. Alitoa vitisho kila mwaka, akajipa nishani na vyeo, hata wakati wa vita alimwalika Julius Nyerere wapigane ngumi ulingoni, Muhammad Ali akiwa mwamuzi. Dunia ikazoea kumcheka. Lakini hesabu ya von Neumann inatukumbusha kwamba mwenye kelele si lazima awe mtupu kila siku. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia kweli katika Kagera, ambako Tanzania ilikuwa na walinzi wachache, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba eneo hilo ni sehemu ya Uganda. Kelele zake za miaka mingi zilikuwa zimewafanya watu wasimsadiki siku aliyokuwa na karata.

Upande wa pili alikaa mtu mwenye jina la namna nyingine. Nyerere alijulikana kuwa mpenzi wa bao, mchezo ambao hauna karata ya kuficha: kete zote ziko wazi, na ushindi ni wa anayehesabu mbali. Tarehe 2 Novemba aliwaambia wananchi kwamba Tanzania ilikuwa na uwezo wa kumpiga adui, na sababu, na nia. Hakuongeza kitisho. Baadaye mwezi huo huo Amin alipotangaza kwamba amewaondoa askari wake, Tanzania haikumsadiki. Jina lake lilikuwa limekwisha. Hata neno la amani halikuweza kununua kitu. Mwezi wa Februari 1979 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliingia Mbarara, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Lakini tusimalize kisa hiki kwa kushangilia. Mji wa Mbarara uliharibiwa vibaya katika vita vile, kama vile vijiji vya Kagera vilivyoharibiwa kabla yake. Mezani, anayeweka dau ndiye anayelipa. Katika mambo ya nchi, wanaoweka dau ni wachache, na wanaolipa hawakukaa hata karibu na meza.

Nakivale: kuanza bila jina

Makazi ya Nakivale yalianza mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya kale zaidi katika Afrika. Leo wanaishi humo, karibu na ziwa la Nakivale, watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Mahali ambapo lugha ni nyingi hivyo, Kiswahili kimekuwa daraja, hasa kwa wale waliotoka Kongo ya mashariki ambako watoto hukua nacho.

Mzee yule aliyetupa neno "jina la mezani" alitueleza jinsi alivyolipata. Kwao, alisema, alikuwa mfanyabiashara. Neno lake lilitosha. Alichukua mizigo leo, akalipa mwezi ujao, wala hakuna aliyeandika mkataba. Alipofika Nakivale alikuwa ni mtu yule yule, mwenye moyo ule ule, lakini hakuna aliyemjua. "Mwalimu," alisema, "jina langu lilibaki upande wa pili wa mpaka. Nilibeba sufuria, jina sikuweza kulibeba."

Mbele ya duka moja palikuwa na mti, na chini yake watu walicheza karata kwa kutumia maharagwe, bila fedha. Mzee akaanza kwenda huko jioni. Aligundua kwamba mwenye duka alikuwa akitazama. Alitazama nani anahesabu alama zake kwa haki, nani anayerudisha karata iliyoanguka bila kuichungulia, nani anayekubali kushindwa bila kugombana. Baada ya miezi kadhaa, siku mzee alipokosa unga, mwenye duka alimpa bila kuulizwa, akisema atalipa atakapopata. Pale mkekani walikuwapo pia vijana hodari kuliko yeye, waliosifiwa kwa hila zao. Walishinda maharagwe mengi. Hakuna aliyewakopesha unga.

Kisa hiki kilitufikirisha sana, maana kinageuza mafundisho ya poka juu chini. Katika poka mtu hujenga jina la ukweli ili siku moja auze uongo mmoja kwa bei kubwa. Kweli imekuwa akiba ya kugharamia hila. Kwa mzee wetu, mchezo wenyewe ulikuwa jambo dogo, nao ukweli ulikuwa ndio kusudi. Wote wawili wanafuata kanuni zile zile nne tulizozitaja. Wanatofautiana katika kile wanachotaka kununua. Kijana aliyetuuliza swali la kwanza alikaa kimya kwa muda, kisha akasema: "Kumbe meza ni nyingi, na mtu hajui ni ipi anayotazamwa." Hatukuwa na la kuongeza.

Hapa yatupasa tuseme wazi: hatuwaalike wanafunzi kwenye kamari. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kushiriki, na yeyote aliyeona mshahara wa kijana ukiteketea katika vibanda vya kubahatisha anajua sababu. Maharagwe yatosha kwa somo letu.

Jina la Kiswahili chenyewe

Tumefika sasa mahali ambapo makala haya yalikuwa yakielekea tangu mwanzo. Katika Uganda, Kiswahili chenyewe ni mchezaji aliyekaa mezani, nacho kina jina.

Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala wa Uganda. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alipinga, kwa kuona kwamba lugha ya watu wake ingedidimizwa. Kiswahili kikabaki lugha ya jeshi na polisi. Mwaka 1973 Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa, na wakati huo huo askari wake walikuwa wakikitumia kuamuru, kukamata na kupora. Mzee wa Mbarara aliyesikia Kiswahili usiku mlangoni pake hakusikia lugha ya mashairi. Alisikia kitisho, na mara nyingi kitisho hicho hakikuwa cha bure. Je, tumlaumu akisema hataki wajukuu wake waifundishwe?

Tangu hapo sheria imebadilika. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hayo ni mambo makubwa. Lakini amri haiwezi kumpa mchezaji jina. Kama tulivyoona, jina hutokana na karata zilizofunuliwa, moja baada ya nyingine, mbele ya macho ya watu. Kiswahili kilitangazwa kwa amri mwaka 1973, na tangazo lile halikukisaidia chochote.

Kwa hiyo kazi imetuangukia sisi walimu. Mwalimu wa Kiswahili anayechelewa darasani, anayewatisha wanafunzi, anayejifanya kujua neno asilolijua, anafunua karata mbovu, na wanaohukumiwa si yeye peke yake bali lugha nzima. Mwalimu anayesema, "Neno hili silijui, tulitafute pamoja," anaweka jiwe moja ukutani. Sisi wenyewe tulikaribia kuangusha mawe kadhaa na ile "taswira ya meza" yetu, na tuliokolewa na mkimbizi aliyekuwa mwanafunzi wetu.

Tunawaomba wenzetu wafanye jambo dogo. Wachukue karata darasani, waulize wanafunzi kila moja inaitwaje kwao, na wayaandike majina hayo. Darasani kwetu wa pwani alisema kopa, wa Kongo akasema kwa Kifaransa cœur, wa Mbarara akasema kwa Kiingereza, kila mmoja akiwa ameshika moyo ule ule mwekundu. Turufu, ree, seti na mzungu wa nne ni maneno ambayo vijana wengi hawayajui tena. Yakipotea, hakuna vita itakayotokea wala hakuna mtu atakayelala njaa. Lakini tutakuwa tumeitupa karata ambayo hatukujua thamani yake.

Mzee wetu angali anakuja Ruharo kila anapopata nauli. Kiswahili sanifu kinamsumbua kidogo katika ngeli, na sisi hatumsumbui sana. Siku moja mwanafunzi mgeni kutoka mjini alimwuliza kwa nini anajifunza lugha anayoisema tangu utotoni. Alijibu kwamba anataka kuisema kwa namna ambayo mtu yeyote, wa upande wowote wa mpaka, akimsikia atamwamini.